Siku Niliyokataa Kumtwisha Mama Gwamaka

Mwanangu Felista,

Sikuulizi hali, maana naisikia. Upo hapo uani kwenye mkeka, mdogo wako anakusuka nywele, na kila akivuta unamwambia atakung'oa kichwa kibaki hapa Nkowe, wewe ufike Songea shingo tupu. Baba yako yuko barazani analifunga sanduku lako kamba kwa mara ya tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza mlikumbuka kitu mkalifungua. Mimi nimewaambia naingia ndani kunyoosha mgongo. Sijaunyoosha. Nimechukua daftari la zamani la mdogo wako, nimekaa kitandani, naandika.

Mambo ya kufua shuka, ya kutoazima nguo, ya kuandika barua mara ukifika chuoni, nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia maneno mdomoni. Humu sitayarudia. Humu nataka nikusimulie jambo moja lililokaa kifuani kwangu miaka kumi na likatoka wiki tatu zilizopita. Lisingekuwa limetoka, nisingeweza kuliandika. Baba yako analijua nusu. Wewe utalijua lote.

Barua nitakupa asubuhi mkononi. Isome ndani ya gari kabla hujafika Nachingwea. Ukiifikisha mwisho utaona kwa nini nimesema kabla.

Nianze na Jumapili iliyopita. Nilichelewa kutoka kanisani kwa sababu ya kukunja vitambaa vya altare, na nilipotoka nikakuta watu wamekusanyika pembeni, wewe katikati, na yule kijana fundi baiskeli anayesali Jumamosi. Sijui nani alianza. Nilikuona umeshika Maandiko, kidole kimoja kimebana ukurasa huku na kingine kimebana ukurasa kule, kama mtu anayelinda milango miwili.

"Haya, soma hapo mwenyewe," ulimwambia. "Soma kwa sauti wote wasikie."

"Dada, mimi sikuja hapa kusomeshwa."

"Hukuja kusomeshwa, au kusoma kwenyewe ndiko kunakokushinda?"

Watu walicheka. Yule kijana naye alijaribu kucheka, halafu akachukua baiskeli yake akaondoka anaikokota, hakuipanda. Felista, ulisoma naye darasa moja. Unajua kwamba aliacha shule darasa la tatu alipofiwa na baba yake. Ulilijua hilo ulipokuwa unamnyooshea ukurasa.

Tulirudi nyumbani, ukala ugali na kisamvu, ukaongeza. Baba yako akasema ungezaliwa mwanaume ungekuwa padre, ukacheka. Nilikuwa nautazama mkono wako unavyokwenda kwenye bakuli na kurudi, nikajiona mimi mwenyewe. Maana mimi pia siku yangu ile nilikula vizuri. Nilikula nikashiba.

Sasa nikusimulie.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe hapa kijijini, watu wa vitongoji vitano tumewekwa kwenye mistari ya nyumba, kila mtu anajifunza jina la jirani mpya. Unakumbuka maji yalivyokuwa shida. Kiangazi kikikaza, mto ulibaki mchanga mtupu, na tulichimba mashimo humo mtoni tukachuchumaa kusubiri maji yajikusanye. Unachota kwa kata, kata moja, unasubiri, kata nyingine, unasubiri. Debe moja linaweza kukuchukua muda wa mtu kwenda shambani na kurudi. Tulitoka nyumbani kabla jua halijachomoza tukayapanga madebe kwenye foleni, na foleni ile ilikuwa na heshima yake. Debe la mtu halirukwi, hata mwenyewe awe ameenda kunyonyesha.

Na palikuwa na desturi nyingine ambayo haikuwekwa na kamati yoyote. Debe likijaa, mwanamke hawezi kuliweka kichwani peke yake. Basi anayekufuata kwenye foleni ndiye anayekutwisha. Unaweka ngata kichwani, unachuchumaa, unashika upande wako, mwenzako anashika upande wake, mnainua pamoja. Anayemfuata yeye atamtwisha yeye, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye husubiriwa na yule aliye mbele yake. Sijawahi kusikia mtu aliombwa kutwisha. Ilikuwa inafanyika tu, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Mwaka ule aliletwa bwana shamba mpya wa mikorosho, mtu wa Tukuyu, na mkewe Mama Gwamaka. Gwamaka wao alikuwa na miaka minne. Siku ya kwanza Mama Gwamaka alishuka mtoni na ndoo mpya, akasimama ukingoni akatazama mchanga, akatutazama sisi, akasema, "Na mto wenyewe uko wapi?" Tulicheka mpaka Bi Somoe akakaa chini. Bi Somoe unamjua, ndiye huyu huyu jirani yetu, ila wakati ule miguu yake ilikuwa bado ina nguvu. Mama Gwamaka alikuwa ametoka nchi ambayo mvua haina msimu, inanyesha kila siku, na mito inapita nyuma ya majiko ya watu. Nilimfundisha kuchimba shimo upande wa kivuli. Nilimfundisha kuchota bila kutibua. Yeye alinifundisha kushona nguo za watoto kwa sindano ya mkono, na gauni lako la maua, lile ulilokataa kulivua hata likafika magotini, ni kazi yake. Mimi sikuwa na dada, Felista. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naye.

Kanisa lake lilikuwa jingine. Wao hubatiza mtu mzima na humzamisha mzima mzima. Hapa hawakuwa na kanisa, kwa hiyo Jumapili alikuja kusali na sisi, akaimba nyimbo zetu, maana nyingi zilikuwa zao pia. Neno la ubatizo lilianza kama mchezo, pale pale mtoni.

"Mama Felista, nikuulize bila ugomvi. Wewe ulibatizwa na umri gani?"

"Mwezi mmoja."

"Mtoto wa mwezi mmoja alitubu dhambi gani?"

"Kulia usiku," nikamjibu, na wote tukacheka, yeye wa kwanza.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini kila mwezi alikuwa anapita mwinjilisti wao kwa baiskeli kutoka Nachingwea, anafikia kwa bwana shamba, na safari moja akahubiri barazani kwao. Nilikwenda kusikiliza kwa sababu Mama Gwamaka alinialika, hata mkeka nilibeba mimi. Yule baba akasema wanaotiwa maji ya kikombe wamelowanishwa tu, hawajabatizwa. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Babu yako alikuwa amekufa miezi michache kabla. Yeye alibatizwa akiwa mtu mzima, na alitembea siku mbili kwa miguu mpaka misheni ili abatizwe. Alipokuwa anatusimulia alikuwa anaonyesha kwa kidole mahali maji yalipopita kwenye paji la uso, yakashuka pembeni ya jicho. Alionyesha hivyo mpaka mwaka aliokufa. Sasa mimi nimekaa kwenye mkeka wangu naambiwa maji yale yalikuwa ya bure, na kwamba tumemzika mtu asiyebatizwa.

Ndilo hilo lililoniuma. Halikuwa fundisho, alikuwa baba yangu. Na kama kesho yake ningemwambia Mama Gwamaka, mwenzangu, neno la mgeni wenu limemgusa baba yangu kaburini, nadhani angeiacha kata angenishika mkono. Sikumwambia. Nilikwenda kutafuta aya.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kwa ajili ya ugomvi ule nilisoma kama mtu wa chuo kikuu. Nilimsumbua katekista, nilimsumbua baba yako, nikaandika aya kwenye karatasi nikaifunga kwenye pindo la khanga. Asubuhi nikifika mtoni nafungua pindo. Naye alikuwa na zake, alizichukua kwa mwinjilisti. Wanawake wakatupa majina. Mimi nikawa wa Kikombe, yeye wa Mtoni. Waliokuwa wanasali na mimi wakasimama upande wangu, na wengine waliokuwa hawasali popote wakasimama upande wake kwa sababu tu walikuwa wamenichoka.

"Leo wa Mtoni amekuja na jibu," mmoja anasema.

"Mpisheni, asilimwage."

Bi Somoe alikuwa anatusikiliza kidevu kimekaa juu ya debe lake. Siku moja akasema, "Nyie watoto wa misheni. Huyu anataka mengi, huyu yanamtosha machache, na mimi hata ya kutawadha sijapata. Sogeeni nichote." Watu walicheka, nami nilicheka, lakini sikusogea.

Nimelifikiria sana hili: na Bi Somoe sijawahi kubishana dini hata siku moja. Anafunga, sifungi naye. Nasali, hasali nami. Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu. Yeye na mimi tunatofautiana kwa mambo makubwa kuliko maji. Aliyenitoa povu ni yule niliyeimba naye kitabu kimoja cha nyimbo. Sina maelezo ya jambo hili. Labda kwa Bi Somoe sikuwa natafuta kushinda.

Ilipofika msimu wa korosho tulikuwa hatusemezani nje ya ubishi. Gwamaka akija kucheza kwetu nilimpa uji, sikumnyima, ila nilimrudisha kwao kwa mkono wa mtu mwingine. Mama yake alikuwa mjamzito, mimba imekuwa kubwa, miezi minane hivi. Mtoni alikuja na debe kama sisi sote.

Asubuhi ile tulikuwa wachache. Yeye alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Debe lake likajaa. Akaweka ngata kichwani, akachuchumaa kwa shida na tumbo lile, akashika upande wake wa debe, akasubiri. Hakuhitaji kuniambia, zamu ilikuwa yangu.

Mimi niliteremsha kata yangu shimoni. Nikachota. Nikamimina kwenye debe langu. Nikasema, bila kumtazama, "Aliyebatizwa kwa maji mengi hashindwi na debe moja."

Hapakuwa na aliyecheka. Nilidhani watacheka.

Alibaki amechuchumaa. Nilichota kata ya pili, ya tatu, na maji yalikuwa machache, kwa hiyo kata tatu ni muda mrefu. Kisha nikamsikia anavuta pumzi. Alilipandisha debe kwenye goti, kutoka gotini akalipandisha kifuani, na alipotaka kulifikisha kichwani mchanga ukamtoka chini ya mguu. Alianguka ubavu. Debe liliangukia pembeni, maji yakamwagika, mchanga ukayanywa mara moja. Alijishika tumbo kwa mikono miwili.

Bi Somoe ndiyo kwanza alikuwa anateremka ukingoni. Aliacha debe lake likabingirika, akaja mbio, akamwinua, wakapanda naye polepole, amemshika kiuno. Wanawake wengine wawili walifuata.

Mimi nilibaki. Sasa soma vizuri, maana hapa ndipo ilipo nusu ambayo baba yako haijui. Nilibaki kwa sababu nilikuwa ninaogopa kupoteza zamu yangu. Nilimaliza kuchota debe langu. Na nilipokuwa nachota, kabla hofu haijanifikia, nilikuwa nafikiri kwamba hatimaye nimempata, na leo hana la kunijibu. Nilifika nyumbani nikapika, nikala.

Mchana ikasikika kwamba bwana shamba ameomba gari la kilimo, amempeleka mkewe hospitali Nachingwea. Nikasema moyoni nitakwenda kumwona. Siku ya kwanza nikajipa sababu, na ya pili. Wiki ikaisha. Bwana shamba alirudi peke yake kufunga vyombo, uhamisho wake ulikuwa umefika, anarudishwa nyanda za juu. Nilimwona kwa mbali anapakia kitanda. Sikwenda kumuaga. Kisha mpakiaji mmoja wa lori la korosho, aliyekuwa ametoka Nachingwea, akasimulia pale dukani kwamba mke wa bwana shamba alijifungua na mtoto hakukaa.

Hakukaa. Nililibeba neno hilo miaka kumi.

Uliniuliza siku moja, ukiwa darasa la tano, kwa nini tunakwenda kuchota shimo la mbali la kule bondeni wakati la karibu lipo. Nikakwambia la karibu lina chumvi. Halikuwa na chumvi. Na umewahi kuniuliza kwa nini wakibishana mambo ya dini kwenye umoja wa akina mama mimi natoka kwenda kuchochea moto. Nilikujibu kwamba maharage yanaungua. Mwanangu, maharage gani yanaungua kila Alhamisi.

Nilitubu, usidhani sikutubu. Lakini nilitubu hasira, nikatubu maneno makali, yale ya jumla jumla ambayo padre anayasikia kwa kila mtu. Sikuwahi kusema, nilimwacha mwenzangu mjamzito amechuchumaa na mtoto akafa. Nilichofanya ni kutwisha. Tangu mwaka ule nikifika kisimani namtwisha kila mtu, iwe zamu yangu isiwe zamu yangu, mpaka wasichana wananiita Mama Mtwishaji. Walidhani ni wema. Ilikuwa hofu.

Sasa, wiki tatu zilizopita tulikwenda Nachingwea kwa fomu yako ya daktari. Nilikuacha kwenye benchi la hospitali nikaenda dukani, niliposikia sabuni imeletwa. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nikasimama nyuma, nimejifunika khanga sababu ya jua, na mbele yangu kama watu sita hivi mwanamke akageuka. Akanitazama, akageuka mbele. Akageuka tena.

"Mama Felista," alisema, "bado unalinda zamu?"

Nikakaa chini pale pale kwenye foleni ya sabuni, mtu wa nyuma yangu akadhani nimeshikwa na njaa. Mama Gwamaka alitoka kwenye nafasi yake akaja. Amenenepa, nywele zimeanza mvi mbele. Ameshika mkono wa mtoto wa kike mrefu, mwembamba, ana macho ya babaye.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini lililonitoka mdomoni ni, "Huyu nani?"

"Huyu Tumpe. Humjui? Ndiye uliyemkatalia debe."

Sikuelewa. Akarudia taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Alijifungua siku ya pili ya kufika hospitali. Mtoto alikuwa mdogo, akafungwa kwenye pamba, akakataa kunyonya siku tatu, ya nne akanyonya. Aliyefariki alikuwa mtoto wa mama wa kitanda cha pili, mtu wa Mkotokuyana, na yule mpakiaji bila shaka alichanganya. Nimemwombea yule mama wa Mkotokuyana kila siku tangu hapo, maana nilimlilia mtoto wake miaka kumi bila kujua ni wake.

Nililia, Felista. Nililia nikiwa nimekaa mavumbini na watu wa foleni wananiruka. Nikasema yote, mpaka lile la kufurahi moyoni, na lile la kula na kushiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na mimi nikwambie langu. Nilimwona Bi Somoe anakuja. Nilimwona mbali, tangu kwenye mkorosho ule wa juu. Ningesubiri kidogo tu angenitwisha. Sikutaka. Nilitaka nijitwishe mbele ya macho yako nione utasemaje."

"Mimi nisingesema kitu," nikamwambia. "Ningetafuta aya."

"Nami nilikuwa nimeshaandaa ya kuijibu."

Tukaanza kucheka. Tukajaribu kukumbuka aya zenyewe, zile nilizokuwa nazifunga kwenye pindo. Yeye akakumbuka nusu ya moja, mimi sikukumbuka hata moja. Yule Tumpe alikuwa anatutazama tunavyocheka na machozi, akauliza, "Mama, na huyu mama amebatizwa kwa maji mengi?" Mama yake akamwambia, "Mshike mkono kwanza ainuke, hayo utamuuliza ukiwa mkubwa." Akanishika. Ana mkono mgumu, wa mtoto anayechota maji. Sijui niandike vipi nilivyoushika mkono ule. Niliushika vidole vyote vitano, kimoja kimoja.

Sabuni iliisha kabla hatujaifikia. Nilipokurudia hospitali uliniona macho mekundu, nikakwambia ni vumbi la barabara. Nilikudanganya, na ulikuwa uongo mtamu kuliko yote niliyowahi kukudanganya. Usiku ule nililala mpaka baba yako akaja kuniamsha akidhani naumwa.

Basi unaniuliza, mama, nikae kimya siku zote? La. Mimi bado naamini maji yaliyompitia babu yako usoni yalimbatiza, na akija malaika kuniuliza nitamwambia hivyo. Huko chuoni mtachanganywa, kitanda chako na cha msichana wa kanisa jingine, na wa tatu atakuwa anaswali alfajiri wakati wewe bado umejifunika shuka. Kuna atakayekuuliza kwa sababu anataka kujua. Huyo mjibu, kaa naye, mpe muda wako. Utamtambua, maana ukimaliza kusema atanyamaza kidogo. Yupo mwingine anayekuuliza huku jibu lako analisubiri liishe, kama mtu anayesubiri debe la mbele liondoke. Huyo mimi nilikuwa ndiye, na najua harufu yake. Wewe ukijisikia umekuwa ndiye, simama ukachochee moto. Hakuna atakayegundua kwamba huko mabwenini hakuna maharage.

Na mara nyingine, kabla ya kumfungulia mtu aya, jiulize nani amekuuma. Mimi nilikuwa nalilia baba yangu nikadhani natetea imani. Ningelia tu, ningekuwa nimeokoa miaka kumi.

Kwa yule fundi baiskeli sikulazimishi. Ila kibanda chake kiko njiani, na kesho gari la Nachingwea litasimama karibu naye kupakia mizigo. Muda utakuwepo.

Sasa sababu ya kusema uisome kabla hujafika. Kesho usiku hutalala kwa mjomba wa baba yako kama tulivyokuwa tumepanga. Utalala kwa Mama Gwamaka, halafu kesho kutwa yeye mwenyewe atakupeleka stendi kwa gari la Masasi. Bwana shamba amerudishwa huku mwaka huu, nyumba yao iko nyuma ya maghala. Baba yako anajua na amekubali. Utamwona Gwamaka, amekuwa kijana, ana sauti nzito na aibu. Utalala chumba kimoja na Tumpe, na nakuonya mapema kwamba hanyamazi. Usimwombe mama yake radhi kwa niaba yangu, nimekwisha kuomba mwenyewe na akapokea.

Jioni watakuwa na maombi nyumbani kwao. Wanaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, si kama tulivyozoea sisi. Mama Gwamaka aliniuliza kama binti yangu atakubali wamwekee mikono kichwani wamwombee safari na masomo, au ataona si utaratibu wa kwao. Aliuliza kwa woga kidogo, Felista. Mtu niliyemfanyia yale bado ananiuliza kwa woga.

Nimemjibu kabla sijakuuliza wewe. Nimemwambia utapiga magoti.

Mama yako,
Bibiana